Jamaa Moja, Maradhi Mbalimbali: Jinsi Maabara Inavyomtambua Bakteria wa Taifodi Miongoni mwa Ndugu Zake

Utangulizi

Katika vituo vingi vya afya vya mwambao wa kaskazini, kuanzia Pangani hadi Mkinga, mgonjwa mwenye homa huuliza swali moja: "Daktari, ni malaria au ni taifodi?" Swali hilo limejengwa juu ya dhana kwamba homa isiyo malaria haina budi kuwa taifodi. Dhana hiyo huwafanya wagonjwa wengi kumeza dawa za antibiotiki wasizozihitaji, na huwafanya wengine, hasa watoto wachanga na walio chini ya miaka mitano, kukosa dawa waliyoihitaji kwa sababu bakteria aliyewashambulia alikuwa mwingine.

Somo hili linahusu bakteria wa jamii ya Salmonela na majirani zake wa karibu, na njia ambazo maabara hutumia kuwatenganisha. Mhudumu wa afya atakumbushwa hatua za utambuzi na maana ya kila jibu. Mgonjwa na mzazi watapata kufahamu kwa nini majibu mengine hutoka baada ya dakika chache na mengine baada ya siku kadhaa, na lipi kati ya hayo linastahili kuaminiwa zaidi.

Ndugu wanaofanana kwa sura

Chini ya hadubini, bakteria wa taifodi, bakteria wengine wa Salmonela, E. koli, Shigela na Proteasi huonekana sawasawa: vijiti vifupi vyenye rangi ya waridi baada ya kupakwa rangi kwa mbinu ya Gram. Hata mtaalamu aliyekaa maabara miaka thelathini hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama tu. Wote ni wa jamaa moja kubwa ya bakteria wanaoishi katika matumbo ya binadamu na wanyama.

Jina Salmonela limetokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ambaye katika maabara yake bakteria mmoja wa jamii hiyo alitenganishwa kutoka kwa nguruwe mwaka 1885. Leo zinajulikana namna zaidi ya 2500 za Salmonela, ziitwazo serova. Karibu serova zote zinazowaugua binadamu ni za spishi moja, Salmonella enterica. Hivyo Typhi, aletaye taifodi, na Typhimurium au Enteritidis, ambao hawaleti taifodi, ni kama watoto wa nyumba moja. Undugu wa E. koli na Shigela ni wa karibu vilevile: wanasayansi wa vinasaba wameonyesha kuwa Shigela, kwa asili, ni matawi ya E. koli, ingawa tiba imeendelea kuwaita kwa majina mawili.

Pamoja na undugu huo, mienendo yao hutofautiana sana. Typhi huishi kwa binadamu peke yake. Hupita kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha mtu, huingia katika damu, na kwa watu wachache hujificha katika kibofu cha nyongo kwa miaka mingi bila dalili yoyote. Salmonela wasio wa taifodi huweza kuishi pia kwa kuku, ng'ombe na wanyama wengine. Kwa mtu mzima mwenye afya njema mara nyingi huleta kuhara kunakoisha bila antibiotiki. Lakini kwa mtoto mwenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na kwa mtu mwenye maambukizi ya VVU yasiyotibiwa, huvamia damu na kuua. Mtoto wa namna hiyo huenda asihare hata kidogo. Dalili pekee ikawa homa.

Yaliyoonekana Muheza na Pemba

Umuhimu wa kuwatenganisha ndugu hawa umeonekana wazi katika mkoa wa Tanga wenyewe. Katika Hospitali Teule ya Wilaya ya Muheza, watafiti waliwafuatilia watoto 3639 waliolazwa kwa homa katika miaka ya 2006 na 2007, wakaotesha damu ya kila mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto 341, yaani zaidi kidogo ya 9 kati ya kila 100, walikuwa na maambukizi mazito ya bakteria. Karibu nusu ya bakteria hao walikuwa Salmonela wasio wa taifodi. Wengine walipatikana kwa watoto ambao kipimo chao cha malaria kilikuwa chanya; kwa hiyo kuona vimelea vya malaria hakukutosha kusema kwamba hakuna bakteria katika damu.

Ng'ambo ya mkondo wa Pemba picha ilikuwa nyingine. Uchunguzi wa damu za wagonjwa wenye homa kisiwani humo ulionyesha kwamba aliyeongoza ni Typhi mwenyewe. Bahari inayozitenganisha sehemu hizi mbili ni nyembamba, na watu wake wanafanana kwa lugha, chakula na mavazi. Hata hivyo homa zao hazikuwa na chanzo kimoja. Isingewezekana kuijua tofauti hiyo kwa kumpapasa mgonjwa paji la uso, wala kwa kusikiliza maelezo yake. Ilijulikana kwa kuotesha damu na kumtambua bakteria kwa jina lake.

Hali pia hubadilika kwa wakati. Katika miaka iliyofuata hadi 2010, malaria kali ilipopungua Muheza, maambukizi ya bakteria katika damu za watoto nayo yalipungua. Kwa hiyo mazoea ya mwaka juzi si mwongozo wa kudumu. Kituo kinachotibu kwa kukisia hakiwezi kutambua kwamba adui amebadilika.

Safari ya sampuli katika maabara

Hatua ya kwanza ni damu yenyewe. Katika taifodi, mililita moja ya damu yaweza kuwa na bakteria mmoja tu au asiwepo kabisa. Ndiyo maana mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa moja, na mtoto hutolewa kiasi kinacholingana na uzito wake. Damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, baada ya ngozi kusafishwa vizuri na kuachwa ikauke. Chupa huwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37 na kuangaliwa kila siku.

Hatua ya pili ni kuhamishia bakteria kwenye sahani za kuoteshea. Katika agari ya MacConkey, E. koli hutumia sukari ya laktosi na kutoa makundi ya rangi ya waridi. Salmonela, Shigela na Proteasi hawaitumii laktosi. Makundi yao hubaki bila rangi. Hapa E. koli hutengwa, lakini wengine watatu bado wamechanganyika.

Hatua ya tatu ni vipimo vya kikemia. Bakteria hupandwa katika mirija midogo yenye vyakula mbalimbali, na mtaalamu husoma mabadiliko ya rangi baada ya saa 18 hadi 24. Mrija ulio muhimu kuliko yote ni ule wa agari yenye sukari tatu na chuma. Humo Salmonela huacha sehemu ya juu, yaani mteremko, ikiwa nyekundu na kuigeuza sehemu ya chini kuwa njano. Salmonela wasio wa taifodi hutoa gesi inayoipasua agari, na salfidi ya hidrojeni inayoutia mrija weusi mzito. Typhi hatoi gesi, na weusi wake ni ufito mwembamba tu mahali mteremko unapokutana na sehemu ya chini. Ufito huo mdogo ni alama ambayo mwanafunzi wa maabara anapaswa kuikariri, kwa kuwa ni rahisi kuipita bila kuiona.

Jedwali lifuatalo linaonyesha tabia za kawaida. Bakteria mmoja mmoja huweza kwenda kinyume, na kwa sababu hiyo hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake.

| Kipimo | Typhi | Salmonela wengine | E. koli | Shigela |
|---|---|---|---|---|
| Kutumia laktosi | Hapana | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Gesi kutokana na glukosi | Hapana | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Salfidi ya hidrojeni | Kidogo | Nyingi | Hapana | Hapana |
| Kutumia sitreti | Hapana | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Kuvunja onithini | Hapana | Ndiyo | Hubadilika | Hubadilika |
| Mwendo | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |

Proteasi hakuwekwa katika jedwali, lakini asisahauliwe. Naye hutoa weusi mwingi, na huwadanganya wengi. Hutambuliwa kwa kipimo cha yurea: Proteasi huivunja yurea upesi na kuugeuza mrija kuwa wa waridi iliyokolea, ilhali Salmonela hawaivunji.

Hatua ya nne ni kuwatambua kwa antijeni. Juu ya kipande cha kioo, tone la bakteria huchanganywa na seramu yenye kingamwili maalumu. Bakteria wakigandamana na kufanya chembechembe zinazoonekana kwa macho, wamekubaliana na seramu hiyo. Antijeni za mwili wa bakteria huitwa O, na zile za mikia yake ya kuogelea huitwa H. Typhi ana O namba 9 na 12, na H iitwayo d. Typhimurium ana O namba 4. Enteritidis ana O namba 9 na 12 kama Typhi, ila H yake ni tofauti. Anayepima O peke yake na kukomea hapo anaweza kumpa Enteritidis jina la Typhi.

Typhi ana jambo la ziada: hujifunika kwa tabaka la nje liitwalo Vi. Tabaka hilo huzificha antijeni za O, hata seramu ya O ikakataa kugandamana. Mtaalamu asiyelijua hili ataandika kwamba bakteria si Salmonela. Anayelijua hupima kwa seramu ya Vi, kisha huchemsha mchanganyiko wa bakteria ili tabaka liondoke, huupoza, na kurudia seramu ya O. Kila mara tone la maji ya chumvi lipimwe sambamba. Bakteria wakigandamana katika maji ya chumvi peke yake, jibu lote halifai.

Kipimo cha Widal na hesabu yake

Wagonjwa wengi watauliza: kama safari ni ndefu hivyo, mbona kituoni kwetu taifodi hupimwa kwa dakika chache? Kinachotumika huko mara nyingi ni kipimo cha Widal, kilichoelezwa na Georges-Fernand Widal jijini Paris mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa umezitengeneza dhidi ya antijeni za O na H. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kwisha, huchelewa kutokea katika siku za mwanzo, na huweza kutokana na Salmonela mwingine mwenye O namba 9, kama Enteritidis. Malaria nayo imehusishwa na majibu chanya yasiyo ya kweli.

Muheza palifanyika uchunguzi wa kipimo hiki kwa watoto waliolazwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Kipimo kilifanywa kwa uangalifu, kwa njia ya mirija, na kulinganishwa na damu iliyooteshwa. Taifodi iliyothibitishwa ilikuwa kwa takriban mtoto 1 kati ya 100. Kwa kiwango cha 1:80, kipimo kiliwabaini asilimia 75 ya wenye taifodi, na kuwaondolea shaka asilimia 98 ya wasio nayo. Ukizisoma namba hizo juu juu, utasema kipimo ni kizuri. Tufanye hesabu.

Chukua watoto 1000 wenye homa. Kumi wana taifodi, na 990 hawana. Kati ya wale 10, kipimo kitawabaini 7 au 8. Kati ya wale 990, asilimia 2, yaani takriban watoto 20, watapata jibu chanya lisilo la kweli. Jumla ya majibu chanya ni kama 27. Kati ya hayo, ni 7 au 8 tu yaliyo ya kweli: takriban jibu 1 kati ya 4. Ndivyo ilivyokuwa Muheza, ambako asilimia 26 tu ya majibu chanya yalikuwa ya taifodi iliyothibitishwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba kuotesha damu nako hukosea, kwani bakteria huwa wachache mno. Ni kweli; kuotesha damu mara moja huwakosa wagonjwa wengi wa taifodi, pengine wanne kati ya kumi. Basi tukadirie kwamba wenye taifodi ni mara mbili, yaani 20 kati ya 1000. Kipimo kitawabaini 15, na majibu chanya yasiyo ya kweli yatabaki karibu 20. Bado zaidi ya nusu ya waliotangaziwa taifodi hawana taifodi. Na hesabu hii ni ya kipimo kilichofanywa kwa uangalifu. Cha haraka juu ya kioo, bila seramu za kulinganishia, hakitegemewi kuwa bora kuliko hicho.

Jibu hasi lina thamani zaidi. Pale ambapo taifodi ni adimu, Widal hasi huifanya taifodi kuwa jambo la mbali. Hata hivyo halimwondolei mtoto hatari ya Salmonela wengine.

Kwa nini jina sahihi hubadili tiba

Kwanza, uchaguzi wa dawa. Katika sahani ya maabara, Salmonela huweza kuonekana kuuawa na jentamaisini au na sefalosporini za kizazi cha kwanza. Ndani ya mwili dawa hizo hazifanyi kazi ipasavyo, kwa kuwa Salmonela hujificha ndani ya seli za mgonjwa. Maabara ikikosea jina na kumwita Salmonela kwa jina la E. koli, itaandika kwa uaminifu kwamba jentamaisini inafaa, na mtoto ataendelea kuchomwa sindano isiyomsaidia. Ndiyo maana kanuni za maabara zinakataza dawa hizo zisiripotiwe kuwa zinafaa dhidi ya Salmonela.

Pili, uamuzi wa kutotoa dawa. Mtu mzima mwenye afya anayehara kwa Salmonela asiye wa taifodi, asiye na homa kali wala dalili za hatari, kwa kawaida huhitaji maji na chumvi za kurudishia mwilini kuliko antibiotiki. Bakteria yuleyule akipatikana katika damu ya mtoto, ni dharura.

Tatu, kinga. Chanjo za taifodi zinazotumia tabaka la Vi humlinda mtu dhidi ya Typhi. Typhimurium na Enteritidis hawana tabaka hilo, hivyo chanjo haiwagusi. Mahali ambapo Typhi ndiye anayeongoza, maji safi, vyoo na chanjo ndizo silaha. Mahali ambapo Salmonela wengine wanaongoza kwa watoto, kuzuia malaria, kutibu upungufu wa damu na kuimarisha lishe huokoa maisha mengi zaidi.

Mipaka ya mitambo mipya

Maabara kubwa sasa zina mitambo inayotambua bakteria kwa uzito wa protini zake katika dakika chache. Mitambo hiyo husema vizuri kwamba bakteria ni Salmonela, lakini kwa kawaida haiwezi kuaminiwa kusema ni Typhi au Enteritidis, na humchanganya E. koli na Shigela. Kusoma vinasaba vyote vya bakteria hutoa jibu kamili, hata likaonyesha ukoo wake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Typhimurium anayevamia damu za watoto barani Afrika ni wa matawi yake mahsusi. Hata hivyo mirija ya kikemia na seramu za kugandamanisha bado zina kazi, kwa kuwa ni nafuu na zinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya yenye umeme wa kutosha na mtaalamu makini.

Kwa mhudumu wa afya

Otesha damu kabla ya antibiotiki kila inapowezekana, lakini usicheleweshe dawa kwa mgonjwa mahututi kwa sababu ya kungojea chupa. Usitibu taifodi kwa Widal moja tu. Malaria ikiwa chanya kwa mtoto mwenye dalili za hatari, bado fikiria bakteria. Andika katika fomu ya maabara umri, siku za homa na dawa alizokwisha kumeza; maelezo hayo humsaidia mtaalamu kusoma sahani. Na jibu likirudi, mtafute mgonjwa: jibu sahihi lililobaki kwenye faili halimponyi mtu.

Kwa mgonjwa na mzazi

Ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: "Imeonekana kwa kipimo gani?" Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia mhudumu heshima. Ukitolewa damu ya kuotesha, jibu kamili huchukua siku 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Acha namba ya simu inayopatikana. Usinunue antibiotiki dukani kabla ya kwenda kupimwa, maana dozi mbili tu zinaweza kumficha bakteria. Ukiandikiwa dawa, imalize. Mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea, anayepata degedege, anayepumua kwa shida au aliyepauka viganja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimekwisha kumpata nacho.

Maswali ya kujipima

1. Bakteria kutoka damu ya mtoto hatumii laktosi, ametia mrija weusi mwingi na ameivunja yurea upesi. Je, ni Salmonela?
2. Bakteria ana tabia zote za Typhi katika mirija, lakini hakugandamana na seramu ya O namba 9. Utafanya nini kabla ya kutoa jibu?
3. Katika wilaya ambayo wenye taifodi ni 10 kati ya kila wagonjwa 100 wa homa, Widal yenye uwezo uleule wa Muheza ingekuwa na majibu chanya ya kweli kwa kiasi gani?

Majibu: (1) La, tabia hizo humwelekea Proteasi. (2) Pima kwa seramu ya Vi, chemsha mchanganyiko, upoze, kisha rudia seramu ya O, ukiwa na tone la maji ya chumvi la kulinganishia. (3) Kati ya wagonjwa 1000, majibu chanya ya kweli ni 75 na yasiyo ya kweli ni 18. Yaani takriban 8 kati ya 10. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa mahali pale. Kwa hiyo anayetaka kusoma vizuri jibu la Widal hana budi kwanza kujua, kwa kuotesha damu, ni bakteria gani wanaoishi katika wilaya yake.